Taa Haina Budi Kusema Kweli

Mfanyakazi akipewa chombo kisemacho uongo, kisha akahukumiwa kwa kuuamini uongo ule, huyo amedhulumiwa mara mbili. Neno hili twalitanguliza mapema, kwa sababu habari tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu leo yasimuliwa mara nyingi kinyume chake. Husemwa ya kwamba katika mwaka 1979, huko Marekani, kituo cha umeme wa nyuklia kiliharibika kwa kosa la watu wa zamu ya usiku. Maneno hayo si uzushi mtupu, lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikipata watu wa kuieneza hufanya madhara makubwa kuliko uongo mzima.

Kituo chenyewe chaitwa Three Mile Island, nacho kimejengwa juu ya kisiwa cha mto Susquehanna, katika jimbo la Pennsylvania, si mbali na mji wa Harrisburg. Kilikuwa na vinu viwili. Kinu cha pili kilikuwa kipya kabisa: kilianza kuuza umeme mwishoni mwa Desemba 1978, na miezi mitatu baadaye kikawa kimekwisha maisha yake.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi jinsi mtambo wa namna hii unavyofanya kazi, maana asiyeujua mtambo hawezi kumpima mwenye kuuongoza. Ndani ya kinu mna fito za madini ya urani zitoazo moto mkali. Maji hupita kati ya fito hizo na kuuchukua moto. Maji hayo, ingawa yana joto la nyuzi 300 na zaidi za Sentigredi, hayachemki, kwa kuwa yamefungwa kwa shinikizo kubwa mno. Nayo huupasha moto mkondo mwingine wa maji, na mkondo huo wa pili ndio unaogeuka mvuke wa kuzungusha mashine za umeme. Tena kuna jambo moja lisilosahaulika: hata kinu kikizimwa, fito haziachi kutoa moto mara moja. Ni kama mkaa uliokwisha kuwaka: mwali haupo, lakini ukiushika utaungua. Kwa hiyo maji hayana budi kuendelea kupita, saa baada ya saa, siku baada ya siku.

Basi tarehe 28 Machi 1979, saa kumi za usiku kuamkia asubuhi, pampu za ule mkondo wa pili zilisimama. Mashine za umeme nazo zikasimama zenyewe, kama zilivyopangwa. Joto na shinikizo la maji ya kinu likapanda. Vali ya usalama iliyo juu ya tangi la shinikizo ikafunguka ili kupunguza nguvu ile, nayo pia ilipangwa kufanya hivyo. Baada ya sekunde chache kinu kikajizima. Hata hapo hapakuwa na baya lolote. Mitambo ilitii.

Lakini shinikizo liliposhuka, vali ile ilitakiwa ijifunge, nayo haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kinu yakaanza kumwagika kupitia hapo. Katika chumba cha kuongozea mitambo kulikuwa na taa ndogo ya kuonyesha habari za vali ile. Taa ikizimika, watu wa zamu hujua ya kuwa vali imefungwa. Usiku ule taa ilizimika. Watu wakaitazama, wakaamini, wakaendelea na kazi nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme uliopeleka amri kwenye vali. Amri ya kufunga ilipotolewa, taa ilizimika, iwe vali imetii au haikutii. Taa ilitoa habari ya amri, haikutoa habari ya kazi. Tena haikuwako tangu mwanzo. Iliongezwa baada ya vali hiyo hiyo kuleta matata mwaka mmoja kabla, katika Machi 1978. Yaani waliokuwa na madaraka walikwisha kuona ya kwamba mfanyakazi ahitaji kujua hali ya vali, wakampa taa, lakini wakampa taa ya njia rahisi. Afadhali asingepewa kitu, maana asiyekuwa na taa huuliza, bali aliyepewa taa ya uongo hutulia.

Wasomaji wetu wengi wanaujua ugonjwa huu, hata kama hawajaona kinu cha nyuklia maishani mwao. Ni ugonjwa wa afisi ambamo barua ikiisha kutiwa sahihi, hesabu huandikwa ya kwamba barabara imetengenezwa. Amri si kazi. Aliyetoa amri hajui bado kama kazi imefanyika, mpaka amekwenda kutazama, au amepata habari kutoka kwa kitu chenyewe.

Taa ile haikuwa peke yake. Pampu za akiba za kupeleka maji kwenye mkondo wa pili zilianza kufanya kazi upesi, lakini hakuna maji yaliyofika, kwa sababu vali mbili za njia ile zilikuwa zimefungwa. Zilifungwa siku mbili kabla wakati wa majaribio, nazo zikasalia hivyo. Katika chumba cha mitambo zilikuwako taa za kuonyesha ya kwamba zimefungwa, na taa moja ilikuwa imefunikwa na kadi ya manjano ya matengenezo iliyoning'inia juu yake. Dakika nane zikapita kabla mtu hajaliona jambo hilo. Halafu tangi lililopokea maji yaliyokuwa yakimwagika lilikuwa na vipimo vyake vizuri kabisa, ambavyo vingeweza kutoboa siri yote. Vipimo hivyo viliwekwa nyuma ya ubao wa mitambo, mahali asipopaona mtu aliyesimama kwenye kazi yake.

Kulikuwa na kipimo cha joto la bomba litokalo kwenye vali, nacho kilionyesha joto kubwa. Lakini vali ile ilikuwa ikivuja kwa muda wa majuma kadha, na joto lile likawa ni jambo la kila siku. Wahenga walisema, kelele za mlango hazimwasi mwenye nyumba kulala. Ishara ya hatari ikiachwa kila siku bila kutengenezwa, huwa si ishara tena, huwa ni pambo la ukutani.

Na kengele je? Kengele zilikuwa tele. Katika dakika za mwanzo zaidi ya kengele 100 zililia na taa zake zikawaka kwa pamoja, pasipo kutenganisha jambo kubwa na jambo dogo. Mashine iliyochapa habari za kengele kwenye karatasi ililemewa, ikawa yachapa habari za saa mbili na zaidi zilizopita. Mmoja wa watu wa zamu aliwaambia wachunguzi baadaye ya kwamba alitamani kuutupa ubao ule wa kengele, kwa kuwa haukumpa habari yoyote ya kumfaa. Twamwelewa. Watu mia wakikupigia kelele kwa wakati mmoja, huna msaidizi hata mmoja.

Katika hali hiyo watu wa zamu walitazama kipimo cha maji katika tangi la shinikizo, nacho kilikuwa kikipanda. Hawakuwa na kipimo chochote cha kuwaonyesha maji yaliyomo ndani ya kinu chenyewe. Nao walikuwa wamefundishwa, tena wamekazaniwa, wasikubali kabisa tangi lile lijae. Kwa hiyo walipunguza maji ya dharura ambayo mitambo ilikuwa imeanza kuyaingiza. Walifanya hivyo kwa nia ya kuokoa kituo, kumbe walikuwa wakikinyima maji kinu kilichokuwa kikikauka. Kipimo kilipanda kwa sababu maji na mvuke vilikuwa vikikimbilia kwenye vali iliyo wazi. Ilipata saa kumi na mbili na dakika 22 asubuhi ndipo ilipofungwa vali nyingine ya kuziba njia ile, kwa shauri la msimamizi aliyeingia baadaye na kuitazama hali kwa macho mapya. Saa mbili na dakika 22 zilikuwa zimekwisha kupita. Karibu nusu ya moyo wa kinu iliyeyuka.

Jengo kubwa la saruji lilizuia sehemu kubwa sana ya sumu, na hakuna mtu aliyeuawa na mionzi siku ile. Lakini tarehe 30 Machi gavana wa jimbo aliwashauri wanawake wajawazito na watoto wadogo waliokaa katika maili tano waondoke, na watu zaidi ya laki moja wakahama kwa hiari yao na hofu yao. Kazi ya kusafisha iliendelea mpaka mwaka 1993, na gharama yake ilikaribia dola milioni 1,000. Hasara yote hiyo ilianzia kwenye vali moja na taa moja.

Rais Jimmy Carter aliweka tume ya uchunguzi chini ya John Kemeny, mkuu wa chuo cha Dartmouth, nayo ikatoa taarifa yake Oktoba 1979. Tume haikuficha ya kwamba vitendo vya watu wa zamu viligeuza tatizo dogo kuwa ajali kubwa. Lakini haikuishia hapo. Ilionyesha ya kuwa mafunzo yalikuwa hafifu, maagizo yaliyoandikwa yalikuwa na utata, na chumba cha mitambo kilipangwa pasipo kumfikiria mtu atakayekaa humo usiku wa dharura. Juu ya hayo ikafichua jambo la kusikitisha zaidi. Tarehe 24 Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, chenye kinu cha kampuni ile ile, vali ya namna hiyo ilikwama wazi vile vile, na watu wa zamu wakapunguza maji ya dharura vile vile. Waliokolewa na bahati: kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya nguvu zake, nao waligundua baada ya dakika kama 20. Mapema mwaka 1978 mhandisi mmoja wa kampuni iliyobuni vinu hivyo aliandika kutaka waendeshaji wote waonywe. Barua yake ikazunguka mezani mwa wakubwa, na onyo halikuwafikia watu wa Three Mile Island. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa miaka 14.

Sasa tuulize: kosa ni la nani? Wako wasemao ya kwamba mtu wa zamu ndiye mwenye mkono juu ya swichi, kwa hiyo lawama ni yake. Sisi hatusemi mfanyakazi hana wajibu. Mwenye kulala kazini, mwenye kulewa, mwenye kudharau maagizo, huyo hana mtetezi katika ukurasa huu. Lakini mtu aliyetazama alichopewa atazame, akafanya alichofundishwa afanye, huyo si mkosaji wa kwanza. Wa kwanza ni aliyemwekea taa isiyojua kitu. Wa pili ni aliyepokea onyo akalilaza afisini. Kumwadhibu mtu wa mwisho katika safu ni rahisi, tena hakugharimu pesa, lakini hakutengenezi taa. Kesho ataletwa mtu mwingine, atakalishwa mbele ya taa ile ile, naye atadanganywa vile vile.

Na iwe ni sifa kwa waliojifunza ya kwamba baada ya ajali hiyo mengi yalitengenezwa. Serikali ya Marekani ilizilazimisha kampuni kuweka vyombo vya kuonyesha hali ya vali zile kwa hakika, si hali ya amri. Vikaongezwa vyombo vya kuonyesha kama maji ya kinu yamekaribia kuchemka. Vyumba vya mitambo vilikaguliwa kimoja kimoja: lebo zisizosomeka, swichi za kufanana zilizo mahali pabaya, vipimo vilivyofichwa. Ukawekwa ubao mmoja wa kukusanya habari chache zilizo kuu, ili mtu ajue kwa mtazamo mmoja kama kinu ki salama. Maagizo ya dharura yaliandikwa upya: hayamtaki mtu kwanza akisie jina la ajali, bali yamwongoza kwa dalili azionazo. Na katika mwaka huo huo wa 1979 kampuni za umeme wa nyuklia ziliunda chama cha kupashana habari za matatizo, ili onyo la kituo kimoja lisife njiani kabla ya kufika kingine.

Walakini kuna somo ambalo wakubwa wangaliweza kulipata kabla ya ajali, lau wangaliingia chumbani na kutazama. Katika chumba kimoja cha mitambo huko Marekani, swichi mbili zenye kazi mbalimbali zilifanana kama mapacha, na kila mara palikuwa na hatari ya kushika isiyotakiwa. Wafanyakazi wenyewe wakatafuta vishikio vya mabomba ya bia, kila kimoja cha aina yake, wakavifunga juu ya swichi zile. Tangu hapo mkono ulijua unashika nini hata jicho likiwa kwingine. Mtu anaweza kucheka, lakini hiyo ni hekima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekaa zamu za usiku anajua swichi gani inadanganya mkono, kengele gani inalia bure, na kipimo gani kimewekwa mahali pa kuvunja shingo. Asipoulizwa, maarifa hayo hubaki kwake. Na asiposikilizwa mara mbili, mara ya tatu hanyanyui mdomo.

Wala tusidhani ya kwamba mashine mpya za kompyuta zimeponya kila kitu. Zimeleta raha nyingi, na zimeleta hatari yake. Zamani kuongeza kengele kulitaka waya, taa na fundi. Leo kunataka maneno machache tu, na kwa hiyo kengele huzaliana kama panzi. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, tarehe 24 Julai 1994, watu wawili wa zamu walipata kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Tena mwenye kutazama kioo kimoja kimoja ni kama atazamaye nyumba nzima kwa tundu la ufunguo: chumba kimoja akiona, vingine vyote vimefichika. Ndiyo sababu Wafaransa, walipojenga kinu chao cha Chooz chenye chumba cha kompyuta, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1996, waliweka pia ubao mkubwa ukutani wa kuonyesha mtambo wote kwa pamoja, na meza ya swichi za kawaida iwapo kompyuta zitashindwa.

Na Wajapani walitufundisha neno jingine kwa gharama kubwa. Huko Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, bahari ilipozima umeme, taa za chumba cha mitambo zilizimika na vipimo vikafa. Wafanyakazi walikwenda kuchomoa betri za magari, wakaziunganisha na vipimo ili wapate kusoma. Hata hivyo kipimo cha maji cha kinu cha kwanza kiliwaambia maji yangaliko, kumbe yamekwisha. Ushujaa wao twausifu, lakini mtu hapaswi kuwa shujaa ili asome kipimo. Chombo kisemacho kweli siku ya amani tu, na siku ya vita kikafa, hicho ni nusu ya chombo.

Basi twaona mashauri haya yashikwe na kila mwenye mitambo mikubwa mikononi mwake. Kwanza, ishara itoke kwenye kitu chenyewe: kwenye vali, kwenye maji, kwenye moto, na isitoke kwenye amri. Pili, kengele isiwekwe ila mahali ambapo mtu ana jambo la kufanya anapoisikia, na jambo hilo liandikwe. Kengele isiyo na kitendo ni kelele. Tatu, kengele kubwa ijulikane mbele ya ndogo, na zile zinazofuata tu nyuma ya nyingine zinyamazishwe, ili chanzo kionekane. Nne, siku ya salama ubao uwe giza tulivu, hata taa moja ikiwaka iwe habari. Tano, kadi ya matengenezo isifunike taa, wala kilichoharibika kisizoeleke. Sita, vipimo vilivyo vikuu viwe na umeme wao wa akiba. Saba, kabla ya kuchora chumba, aitwe atakayekaa humo, na baada ya kukijenga, afundishwe katika chumba cha mfano kilicho sawasawa na chake, kwa ajali za mfano, mpaka azizoee.

Mambo haya si ya mbali nasi kama watu wanavyodhani. Afrika ina kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1984. Misri ilianza kujenga vinu vyake huko El Dabaa mwaka 2022. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2019, iliunda wakala wa kushughulikia nishati ya nyuklia. Siku vinu hivyo vitakapofika katika nchi zetu, wauzaji watakuja na picha nzuri na hesabu za megawati. Yatupasa kuwauliza swali moja dogo ambalo halimo katika picha zao: taa hii inapozimika, ni nani aliyekwenda kutazama kwamba vali imefungwa? Jibu likiwa ni kwamba amri imetolewa, basi mkataba na usubiri.

Mfanyakazi wa zamu hadai makubwa. Yu tayari kukesha wakati sisi tumelala, na kubeba mzigo ambao mtu mwingine hauoni. Anachodai ni kwamba alichokabidhiwa akiamini kistahili kuaminiwa. Haki hiyo ni yake kabla hajaulizwa swali lolote juu ya makosa.